Mwachie nyuki nafasi kwenye fremu

Wadogo zangu mnaoanza kupiga picha za wadudu kwenye maua, shikeni hili kabla ya mengine yote: kukropu, yaani kukata kingo za picha, kunaanzia shambani. Picha nyingi ninazoletewa nizitazame hazikuharibiwa na kamera. Mpigaji alisogea mno, nyuki akajaa fremu nzima, kipapasio kimoja kikakatika na bawa likaishia ukingoni. Ukifika nyumbani na picha ya namna hiyo huna la kufanya. Kilichoachwa nje ya fremu hakirudi.

Huku Dodoma na Singida darasa letu ni alizeti. Machi na Aprili hukosi shamba lililochanua, na wenye mashamba ni watu wema ukitangulia na salamu na kuomba ruhusa kabla ya kukanyaga mstari. Sasa, kile unachokiona kama ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, na yanafunguka kuanzia pembeni kwenda katikati, safu baada ya safu. Ndiyo maana nyuki hazururi ovyo juu yake. Anazunguka kwenye ile pete ya vijiua vilivyofunguka, anaingiza mdomo hapa, anahamia pale, mpaka miguu ya nyuma inabeba vidonge vya chavua vya rangi ya njano iliyokolea. Ukilijua hilo hutamkimbiza tena. Chagua kipande cha pete chenye mwanga mzuri, weka fokasi hapo, utulie. Atakufikia.

Kuna na hili la mwelekeo. Alizeti changa hufuata jua, lakini ikikomaa inabaki imetazama mashariki. Asubuhi jua linaipiga usoni, inapata joto mapema na nyuki wanaiendea. Ukisimama mbele yake, kivuli chako ndicho kinachoingia kwenye picha. Simama ubavuni. Hapo utampata nyuki kwa upande, mwili wake ukiwa sambamba na kioo cha lenzi, na hilo ni jambo kubwa kuliko wanaoanza wanavyodhani.

Kwa nini kubwa? Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi (taswira yake kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, inalingana na mwili wake) kwa kamera ya fremu kamili, yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, na tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayotoka kali haizidi sana milimita 1. Nyuki ana urefu wa zaidi ya sentimita 1. Akikaa mshazari utapata jicho, mwili wote umefifia. Ukirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa halisi, sehemu hiyo inakaribia milimita 3. Ukikropu unapoteza kiasi cha faida hiyo, ila si yote, na juu yake umepata nafasi ya kuzunguka mdudu. Ndiyo sababu nasema rudi nyuma kidogo. Fokasi iwe jichoni. Mengine yakififia mtazamaji atasamehe.

Upepo wa Dodoma mnaujua. Kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi ndiyo nafasi yenu, baada ya hapo shina linacheza na picha nayo inacheza. Mimi hutembea na kijiti na vibanio viwili vya nguo: nachomeka kijiti ardhini, nabana shina, nikimaliza naliachia. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde. Na msikaribie mizinga iliyotundikwa mitini. Nyuki aliye kazini kwenye ua ni mpole, wa mzingani analinda kwake.

Tuje mezani, kwenye kukropu kwenyewe. Chukua picha moja ya nyuki aliye upande wa kushoto wa pete, ametazama kulia. Jaribio la kwanza la kila mtu ni kumweka katikati na kukata kote sawa. Usifanye hivyo haraka. Jiulize anaelekea wapi, kisha bakiza nafasi mbele yake kuliko nyuma, hapo mtazamaji ataiona safari yake. Halafu angalia petali. Petali iwe nzima au ikatwe waziwazi, karibu katikati. Ile iliyokatwa ncha tu inaonekana kama bahati mbaya na inavuta jicho mbali na nyuki. Zungusha macho kwenye pembe nne: jani lililoungua, doa jeupe la mbingu, shina la jirani. Mara nyingi ukikata kidogo upande mmoja vyote vinaondoka, anabaki nyuki na udongo mwekundu uliofifia nyuma yake.

Ufuta una sheria nyingine. Ua lake ni kama kengele na nyuki anazama ndani. Subiri anapotoka, mgongo umepakwa chavua, na fremu iwe ya wima kufuata mstari wa maua.

Kukropu kuna gharama. Kamera ya megapikseli 24 inakupa nukta 6,000 kwa 4,000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na megapikseli 6, yaani inchi 10 tu za upana kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi. Kwa kutazamwa kwenye simu hiyo inatosha kabisa. Zumu ya dijitali ya simu nayo ni kukropu kulekule, ila umeamua kabla hujaona picha, iacheni.

Na kila mara kropuni nakala. Msimu mmoja niliikata picha yangu nzuri kuliko zote ikawa mraba mdogo, nikahifadhi juu ya faili la awali. Miezi baadaye akaja mtu anayeitaka kwa kalenda ya ukutani, ya kulala, yenye petali zote. Nilikuwa na nukta 1,100 kila upande. Nilingoja mvua nyingine, alizeti nyingine, na asubuhi sita shambani, ndipo nikapata nyuki mwingine aliyekaa vile.