Alihama na ofisi yangu kichwani

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, ana kampuni ndogo ya kuklia mizigo (kuitoa forodhani bandarini) kama yangu, watu watano, aniuliza "da' mkubwa, ujuzi wa wafanyakazi wangu naupimaje, benki wataka kujua kampuni ina thamani gani na mie sina kitu ila meza na kompyuta." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo mie nimelilipia ada, tena ada kubwa.

Nilikuwa na jamaa wangu wa entri, yaani zile fomu za kutangazia mzigo forodhani. Miaka tisa. Alikuja hajui hata kushika mausi, nikampeleka kozi ya EACFFPC, ile cheti ya Afrika Mashariki ya kazi ya forodha na kuklia mizigo, kwa pesa yangu (ndio, nasema tena, pesa yangu), mpaka ikafika mahali meli ikitia nanga Kilindini mie nalala usingizi wangu. Yeye akitupia jicho karatasi za mzigo ashajua utakwama wapi na afisa atauliza nini. Basi Jumatatu moja kaja na barua, shukran mama, naenda kujaribu maisha. Mwezi haujaisha kibao kipya kimetundikwa ghorofa ya pili, jengo lile lile! Napanda ngazi namsikia anacheka na mteja wangu.

Na kosa langu nalisema pia. Aliniomba mara tatu nimpe asilimia kidogo ya faida, kila mara namwambia subiri mwaka uishe. Miaka ikaisha mingi.

Halafu ndo ikaja ile kontena. Spea za jenereta, mteja wa Changamwe. Kijana mpya kaona "spea za jenereta" kaziweka zote nambari ya ushuru 8503, na kweli ndipo sehemu za jenereta zinapokaa, lakini mle ndani mlikuwa na pistoni na silinda hedi, na hizo ni za injini, zaenda 8409. Forodha wakakagua, entri ikarudi, barua huku, barua kule, siku za bure za kontena zikapita, demareji, faini ya kuchelewesha kontena, ikaanza kuhesabu na mteja yuwanipigia saa tano za usiku. Jamaa yangu angeomba picha za mzigo kabla hajaandika hata herufi moja. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote na hakuna mahali popote palipoandikwa, hata mie bosi nilikuwa naona ni mtu wa kupenda picha tu.

Cha kuchekesha, mwisho wa mwaka mhasibu kaleta hesabu na kwa mujibu wa vitabu sijapoteza kitu! Meza zipo, Probox ipo. Ada ya kozi ilishaandikwa gharama zamani. Akaniambia ndivyo kanuni za kimataifa zilivyo, ile IAS 38, mafunzo ni gharama, na mfanyakazi humuandiki kama mali ya kampuni kwa sababu humdhibiti, akitaka kesho yuwaondoka. Nikamwambia hilo la kesho sihitaji kusomewa.

Usiku nikaanza kusoma mwenyewe. Kumbe kuna kampuni ya bima Uswidi, Skandia, mwaka 1991 walimpa mtu anaitwa Leif Edvinsson kazi rasmi ya kusimamia mali hii isiyoshikika, halafu wakatoa nyongeza ya ripoti yao ya mwaka 1994 kuieleza. Waliigawa hivi: kuna yalo vichwani mwa watu, na kuna kinachobaki jioni watu wakishakwenda kwao, yaani mifumo, kumbukumbu, uhusiano na wateja. Nikaitazama ofisi yangu saa kumi na mbili jioni. Kilichobaki kilikuwa feni.

Kwani hata wateja walikuwa wangu? Nilikuwa nao 23, na 17 walikuwa na nambari yake, sio ya ofisi. Na mie mwenyewe kwenye simu yangu nilikuwa nimemsevu "Ofisi".

Kwa hivyo dada, fomula ziko, hata ile ya kuchukua bei ya kampuni sokoni ukatoa thamani iliyoko vitabuni, lakini hiyo ni ya walioko soko la hisa, kampuni yako na yangu nani azinunua. Mie nahesabu vidogo vidogo. Wateja wangapi wapiga nambari ya ofisi. Kazi zipi zajulikana na mtu mmoja tu, hizo ndizo za kukunyima usingizi. Entri ngapi zimerudi mwezi huu na kwa sababu gani. Alhamisi baada ya alasiri twakaa na kahawa na kashata, kila mtu asimulie mzigo uliomsumbua, mmoja aandika kwenye daftari. Mwanzo nilitoa bonasi kwa anayeandika mengi, wallahi nilijuta, kijana mmoja kaniletea mambo arubaini, thelathini ni "mteja huyu mkali". Sasa sihesabu yaliyoandikwa, nahesabu mara ngapi mwengine kafungua ukurasa ukamsaidia.

Benki watataka logbuku ya gari kama kawaida yao. Lakini mabosi wenzangu, twasema akili ni mali halafu mwenye akili akitaka sehemu ya mali twamwambia subiri! Mlipe mtu angali ofisini. Msikilize mara ya kwanza, sio ya tatu. Na umuandikishe anachojua angali anakupenda, akishakasirika hata nenosiri hakupi.

Daftari letu sasa liko pazuri, ila magari ya mitumba kurasa zake ni chache, ule ujuzi aliondoka nao na sijaupata wote. Mteja wa gari akija namwambia panda ghorofa ya pili. Ndio, nampelekea mteja mwenyewe, washafika wanne. Kamisheni sijaona hata senti.