Swali la lugha: Wadouglas walikuwa kabila, familia au ukoo?

SWALI: Natafsiri kitabu cha historia ya Uskoti ya zama za kati. Nimeandika: "Kabila la Douglas lilikuwa na nguvu kuliko mfalme, mpaka chifu wao alipouawa mwaka 1452." Mwenzangu anakataa "kabila" na anataka "familia". Nani kati yetu yuko sahihi? Na "earl" nimwiteje kwa Kiswahili? Tena upatanisho uweje: "ukoo ulishindwa" au "walishindwa"?

JIBU: "Kabila" liondoe kabisa. Kwa msomaji wetu kabila ni watu wenye lugha moja, mila moja na asili moja, na koo kubwa za Uskoti hazikutofautiana kwa namna hiyo. Ukoo wa Bruce ulitoka Brix, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Ukoo wa Stewart una asili ya Brittany, nako ni Ufaransa ya leo. Babu wa Stewart, Walter FitzAlan, aliingia Uskoti karne ya 12, enzi za mfalme David wa Kwanza. Watawala wa Fife na Strathearn, maeneo ya Uskoti, walikuwa wenyeji wa asili ya Kigaeli, yaani wa lugha ya kale ya huko. Wote hao walioana na kurithiana ardhi kwa vizazi na vizazi. Ukiwaita makabila, msomaji atadhani Robert Bruce alipomuua mpinzani wake John Comyn katika kanisa la Dumfries tarehe 10 Februari 1306 palikuwa na vita vya kikabila. Kilichogombewa pale kilikuwa kiti cha ufalme, na Bruce alitawazwa kuwa mfalme huko Scone wiki sita baadaye.

"Familia" nayo haitoshi. Watu wengi wakiisikia wanafikiri baba, mama na watoto, na hapa tunazungumzia vizazi vitano au sita. Andika "ukoo". Wingi wake ni "koo": koo hizi zilipigana, koo hizo zilioana. Ukoo ukigawanyika, Kiswahili cha pwani kina neno zuri ambalo watafsiri wanalisahau: mlango. Ukoo wa Comyn, kwa mfano, ulikuwa na mlango wa Badenoch, wenye ngome ya Lochindorb iliyojengwa kisiwani katikati ya ziwa, na mlango wa Buchan, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 13 pale William Comyn alipomwoa Marjory, mrithi wa Buchan. "Nasaba" iweke kwa ajili ya wafalme. Stewart ni ukoo mpaka mwaka 1371. Tangu Robert wa Pili alipotawazwa mwaka huo, una haki ya kusema nasaba ya Stewart.

Hilo jina Stewart lina mtego wake. Lilianza kama cheo, cheo cha msimamizi wa nyumba ya mfalme, kikawa cha kurithi, kisha kikageuka jina. Unapozungumzia karne ya 12 andika "Walter, msimamizi wa nyumba ya mfalme", na jina Stewart lisubiri vizazi vya baadaye. Usiandike "waziri". Waziri huteuliwa na kuachishwa, na hawa walirithishana kazi yao baba kwa mwana.

Sasa "chifu". Neno hili limebeba historia yetu wenyewe. Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara. Tanganyika, machifu walitawala chini ya Waingereza mpaka sheria ilipowaondoa mwaka 1963. Bwana wa Douglas hakufanana na mmoja wao. Ushauri wangu ni "eli", wingi "maeli", kwa njia ileile iliyotupa lodi na malodi. Mara ya kwanza eleza kwa maneno machache: "eli, yaani kabaila mwenye cheo cha kurithi na eneo lake". Faida kubwa utaiona ukiongeza u-: ueli. Usultani ni cheo cha sultani na pia nchi anayoitawala. Vivyo hivyo ueli wa Buchan ni cheo na ni eneo, na hilo ndilo hasa watu wa Uskoti walilomaanisha. Utaweza kuandika "aliupata ueli kwa ndoa" na pia "majeshi ya Bruce yaliuchoma ueli wa Buchan mwaka 1308", bila kubadili neno.

Kwa tabaka lote "makabaila" yanafaa, ingawa msomaji wa Tanzania atasikia mwangwi wa Azimio la Arusha ndani yake. Mimi sioni ubaya: umiliki wa ardhi ndio uliowaweka juu. "Waungwana" usilitumie, kwa kuwa pwani liliwahusu watu huru wa mji, na leo linasifu tabia njema. "Mwinyi" lilifaa zamani, lakini "umwinyi" umekwisha kuwa neno la kubeza.

Ninalotaka ulishughulikie zaidi ni "nguvu". Sentensi yako imelibebesha neno hili mambo matatu tofauti, na mtafsiri anayejali atayatenganisha. La kwanza ni mamlaka, yaani haki iliyotolewa na mfalme kwa hati. Kabaila mwenye hati ya juu kabisa alisikiliza katika mahakama yake mashauri manne ambayo kwa kawaida yalikuwa ya mfalme: kuua, kubaka, kuchoma moto na unyang'anyi. Maofisa wa mfalme hawakuingia eneo lake, na kosa la uhaini ndilo lililobaki mikononi mwa mfalme. Robert Bruce alimpa Thomas Randolph eneo lote la Moray kwa masharti ya namna hiyo mwaka 1312. Hapo "mamlaka" ndiyo sahihi, na "nguvu" ni kosa.

Tahadhari moja ndani ya jambo hilo: ofisa wa mfalme aliyesimamia wilaya, kwa Kiingereza "sheriff", usimwandike "sherifu". Msomaji wa Lamu au Zanzibar atasoma "sharifu" na kumfikiria mtu wa kizazi cha Mtume. "Ofisa wa mfalme wa wilaya" ni ndefu, lakini haimpotoshi mtu.

La pili ni watu na ngome. Hapo ndipo pa "nguvu". Katikati ya karne ya 15 ndugu watatu wa Douglas, wa tumbo moja, walikuwa maeli kwa wakati mmoja: William eli wa Douglas, Archibald eli wa Moray na Hugh eli wa Ormond. Mfalme kijana, James wa Pili, hakuweza kulitazama hilo kwa utulivu.

La tatu ni viapo. Makabaila wa karne ya 15 waliandikiana hati: mmoja aahidi utii, mwingine aahidi ulinzi, au wawili walio sawa waahidi kusaidiana dhidi ya kila mtu. Aliyejifunga hivyo usimwite "kibaraka", neno hilo ni tusi. Sema "mfuasi wa kiapo" au, kwa ufupi, "mtu wake". Jambo hili linahusu sentensi yako moja kwa moja. William Douglas aliuawa kwa sababu ya hati ya aina hii, aliyofunga na eli wa Crawford na eli wa Ross. James wa Pili alimwita katika ngome ya Stirling kwa barua ya kumhakikishia usalama, akamtaka aivunje hati hiyo, naye William akakataa. Mfalme akamchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe, tarehe 22 Februari 1452.

Upatanisho: ukoo kama kitu kimoja hufuata u-, kwa hiyo "ukoo wa Douglas ulipokonywa ardhi". Ukitaka watu, wataje watu: "Wadouglas walikimbia". Umbo hilo si geni, tumezoea kusema Wamazrui wa Mombasa na Wanabahani wa Pate. "Akina Douglas" ni Kiswahili safi, ila huweza kumaanisha Douglas na wenzake wasio ndugu, kama tunavyosema akina Juma. Litumie pale ambapo udugu hauna shaka. Kosa la kawaida ni kuchanganya katikati ya sentensi: "ukoo ulikasirika na wakachoma mji". Katika mazungumzo inapita. Katika kitabu andika "ukoo ulikasirika, na ndugu za marehemu wakauchoma mji wa Stirling".

Utakutana pia na Douglas Weusi na Douglas Wekundu. Andika hivyo, kwa upatanisho wa watu, lakini eleza mara moja kwamba ni majina ya milango miwili na hayahusu rangi ya ngozi, maana kwetu "mwekundu" huelezea watu weupe wa sura. Weusi ni mlango wa maeli wa Douglas, Wekundu ni wa maeli wa Angus. Bila tofauti hiyo msomaji hataelewa kwa nini eli wa Angus, naye Douglas, alikuwa upande wa mfalme dhidi ya jamaa zake.

Kuna neno moja ambalo hamkuliulizia: "mpaka". Linasema mambo yaliishia mwaka 1452, na si kweli. Mdogo wake William, James, alirithi ueli na kuendelea kupambana. Mlango huo ulivunjwa mwaka 1455, waliposhindwa katika vita vya Arkinholm: Archibald aliuawa vitani, Hugh alikamatwa kisha akauawa, na bunge likawanyang'anya ardhi. Kwa hiyo ningeandika: "Ukoo wa Douglas ulikuwa na watu, ngome na mahakama za kumtisha mfalme, na hata baada ya James wa Pili kumuua eli William mwaka 1452, ilimchukua miaka mitatu kuuvunja."