Maswali ya Wasomaji: Mto wa Kubuni Nao Hushuka Mteremko

Nachora ramani ya nchi ya hadithi yangu. Mto mkuu unaanzia milima ya katikati, unagawanyika, mkono mmoja unaingia bahari ya mashariki na mwingine ya magharibi. Rafiki yangu anasema haiwezekani. Nani mkweli?
Msomaji, Tanga

Rafiki yako. Maji yakikuta njia mbili hufuata iliyo chini zaidi na kuichimba. Kadiri inavyochimbika ndivyo inavyovuta maji mengi zaidi, na ile ya pili hujaa mchanga ikafa. Kwa hiyo mito huungana, haiachani. Pengine neno letu "tawimto" ndilo linalopotosha: tawi la mti hutoka shinani, lakini tawimto huenda shinani.

Tazama Rufiji. Kilombero na Luwegu hukutana ndipo mto upate jina hilo, kisha Ruaha Mkuu nao huingia. Mikono haianzi kuachana mpaka deltani, mkabala na kisiwa cha Mafia, ambako ardhi ni bapa, mkondo umepungua kasi na tope linatuama hadi mto unajizibia njia wenyewe. Hata hapo mikono yote huishia bahari ile ile.

Upo mto unaovunja kanuni. Casiquiare, huko Venezuela, huchukua maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, ambao ni tawimto wa Amazon. Unapita kwenye nchi bapa yenye misitu na mvua nyingi, si kwenye milima kama yako. Ukitaka wa aina hiyo uwe mmoja tu, na wenyeji wa hadithi yako wauone kuwa kioja.

Kusahihisha ramani, chora milima kabla ya mto wowote. Fuata kila mto kutoka chanzo ukiandika mwinuko kila baada ya kilomita 100 za ramani: 1,400, 900, 650. Namba ikipanda popote, futa kuanzia hapo. Kisha kagua makutano. Mito miwili ikikutana hufanya umbo la V, na ncha yake huelekea baharini. Ukiona ncha inaelekea mlimani, umechora mto unaogawanyika bila kujua.

Angalia pia unene wa kalamu. Ikiwa sentimita 1 ni kilomita 50, mstari wa milimita 0.3 ni upana wa kilomita 1.5! Mto wa mita 200 ungekuwa na milimita 0.04, usioonekana kwa jicho. Kuunenepesha si kosa, mradi shujaa wako asije akauogelea ukurasa wa tatu kana kwamba ni bahari.

Ziwa langu lina mito mitatu inayotoka. Nibakishe mmoja?
Msomaji, Eldoret

Bakisha mmoja, au usiache hata mmoja. Ziwa Viktoria linapokea mito mingi, Kagera ukiwemo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja. Sababu ni ile ile: mlango wa chini kabisa huchimbika, ziwa linashuka, na milango mingine inabaki mikavu.

Ziwa lisilo na mlango lina habari zake. Rukwa na Turkana hupoteza maji kwa jua, chumvi na magadi vinabaki, na ufuo husogea mbali au karibu kufuatana na mvua. Usijenge bandari ya mawe kwenye ufuo wa namna hiyo. Kwa mtunzi wa hadithi, ningependekeza pia aangalie Tanganyika. Mlango wake ni Lukuga, unaoelekea Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na matete, ziwa likapanda hadi likauvunja uzibo, kisha likashuka. Hiyo ni sura nzima ya hadithi bila uchawi wowote.

Wafanyabiashara wangu wanasafiri kilomita 200 kwa mtumbwi, kwenda na kurudi. Niwape siku ngapi?
Msomaji, Kigoma

Mkondo wa mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Wapiga kasia wanaokwenda kilomita 5 kwa saa majini palipotulia watashuka kwa 8.6 na kupanda kwa 1.4. Kwa saa nane za kazi kila siku, kushuka ni siku tatu, kupanda ni siku kumi na nane. Waandishi wengi huandika siku tatu pande zote mbili.

Ili kupunguza, waambae ukingoni kwenye mkondo dhaifu na kusukuma kwa pondo, au wavutwe kwa kamba kutoka nchi kavu. Au wape upepo: Naili hutiririka kuelekea kaskazini, na huko Misri upepo huvuma zaidi kutoka kaskazini, hivyo tanga hupandisha chombo na mkondo hukishusha.

Penye maporomoko mzigo hushushwa, na hapo ndipo mji huota wenyewe. Kinshasa iko juu ya maporomoko yanayoukata mto Kongo na bahari. Reli ya kutoka Matadi ya kuyakwepa ilikamilika mwaka 1898. Kisangani nayo iko chini ya maporomoko ya Boyoma. Kati ya miji hiyo meli hupita takriban kilomita 1,700. Weka wachukuzi, maghala na watoza ushuru mahali kama hapo.

Mto wangu mmoja unapanda mlima kwa uchawi. Niufute?
Msomaji, Zanzibar

Usiufute. Amua tu maji yakifika kileleni yanakwenda wapi. Yakikaa huko ni ziwa, nalo litatafuta mlango wa chini kabisa. Na uchawi ukikatika, maji yote yaliyomo njiani yatashuka kwa pamoja, kwa hiyo tazama umeweka kijiji gani chini ya mlima.