Barua kwa Mwanangu: Matembezi ya Watoto Msimu wa Joto

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, nami nimefurahi kusikia kuwa wewe, mkeo na wajukuu zangu hamjambo. Umeniambia kwamba likizo ndefu ya msimu wa joto imewadia, kwamba mmeandika orodha ya mahali pa kuwapeleka watoto, kila siku na safari yake, na kwamba mmeanza kuchoka kabla hata hamjavuka kizingiti. Kisha ukaniuliza ni matembezi yapi muyaache na yapi myabakize, ikizingatiwa kuwa mkubwa ana miaka minne na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Nimeisoma orodha yenu, na sioni ubaya wa mahali mlipopachagua. Kasoro iko kwenye saa: ratiba hii imepangwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, wakati mwenye kauli ya mwisho katika safari zenu zote ni yule mdogo.

Mtoto wa umri wake huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Kaka yake huhitaji saa 10 hadi 13. Ukiondoa usingizi, milo, kuoga na kubadilisha nepi, muda unaobaki wa mtoto huyu kuwa mchangamfu, ameshiba na hana kisirani, ni mfupi sana, na kwa kawaida huangukia asubuhi. Bahati nzuri, jua nalo linakubaliana naye, kwa sababu mionzi yake huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwa hiyo tokeni mapema, rudini kabla jua halijafika utosini, mlazeni mdogo, na jioni mkitaka kutoka tena msiende mbali na nyumbani. Siku yenye makumbusho asubuhi, bwawa mchana na bustani jioni igawanyeni iwe siku tatu.

Jambo la pili ni kujua wakati wa kuondoka. Wazazi wengi hungoja mpaka watoto wachoke, ndipo waanze kukusanya viatu na chupa za maji huku mmoja analia na mwingine amejilaza chini hataki kusogea. Ondokeni wakati bado wanacheka. Dalili utaziona ukiwa makini: mdogo ataanza kusugua macho na kuangusha kila anachopewa, na mkubwa ataanza kugombea kijiti ambacho muda mfupi tu uliopita alikuwa amekitupa mwenyewe. Hapo msiseme "tumalizie sehemu moja tu", hata kama mmelipa kiingilio na hamjaona nusu ya mliyoyafuata. Mkienda kuona wanyama, chagueni wawili au watatu kabla ya kufika, na mkubwa akipendelea kuchuchumaa langoni kutazama sisimizi wakiburuta bawa la nzi, basi mwacheni nao, simba hatahama.

Umeuliza pia mfanye nini siku za kubaki nyumbani, nami hapa nina mengi ya kusema, kwa kuwa ndizo siku ninazozipenda. Chukueni chaki, msimamishe mkubwa uani asubuhi, mweke alama mahali miguu yake ilipo, kisha mchore kivuli chake sakafuni. Mwanzoni atasimama ameganda, halafu atainua mkono polepole kuona kama kivuli nacho kitainua wake. Baadaye, karibu na adhuhuri, mrudishe asimame juu ya alama zilezile, mchore tena, na umwache ashangae kivuli kilivyofupika na kugeukia upande mwingine, rudieni jioni. Mchezo huo una faida nyingine kwenu wazazi: kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali na ni wakati wa kuingia ndani au kukaa chini ya mti. Akishalielewa hilo, atakuwa yeye wa kukukumbusha wewe, na mtoto wa miaka minne hupenda mno kumkumbusha baba yake. Mdogo naye mpeni brashi pana na kopo lenye maji kidogo, "apake rangi" ukuta. Michoro itakauka na kutoweka kabla hajafika mwisho, naye ataanza upya bila manung'uniko yoyote.

Msiwe na wasiwasi kwamba siku kama hizo ni za uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi minne wawe katika harakati za mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na dakika hizo hupatikana kwa kukimbizana uani, kupanda na kushuka ngazi na kubeba mawe kutoka hapa kwenda pale. Mkubwa atakujia akisema hana la kufanya. Msikimbilie kumpa simu wala kumtungia mchezo; mpeni muda, atautunga mwenyewe.

Kuhusu maji nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Watu hudhani mtoto anayezama hupiga kelele na kurusha mikono, lakini mara nyingi huzama kimya, kwa muda mfupi mno, na mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyozidi sentimita chache. Yule wa mwaka mmoja na nusu asiwe majini wala kando ya maji pasipo mtu mzima anayeweza kumgusa kwa mkono bila kupiga hatua. Mkiwa wengi, hatari huongezeka badala ya kupungua, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mteueni mtu mmoja kwa jina, aweke simu mbali, na akitaka kupumzika amkabidhi mwingine kwa maneno, asikike akiitikia. Maboya ya kujazwa upepo ni vitu vya kuchezea, hayamlindi mtoto. Na beseni au kidimbwi cha plastiki kikishatumika kimwagwe palepale, kisiachwe hadi kesho.

Mengine unayajua, nayataja kwa ufupi tu. Mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili, na kila watokapo majini, ingawa kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu hufanya kazi kubwa zaidi. Bembea za chuma na mahali pa kutelezea paguswe kwanza kwa mgongo wa kiganja. Watoto wasiachwe ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache na hata kama madirisha yako wazi kidogo, kwani joto humo hupanda haraka sana.

Sasa ile safari ndefu ya ufukweni, ambayo mkeo anaitaka na wewe unaiogopa. Mimi niko upande wa mkeo. Nendeni, ila ondokeni wakati mdogo anakaribia kulala, akiwa amefungwa vizuri katika kiti chake. Simameni kila baada ya saa mbili hivi watoto wanyooshe miguu. Na siku ya kurudi ifuatwe na siku isiyo na mpango wowote. Yale makumbusho yaliyo juu kabisa ya orodha yahamishieni wiki itakayofuata, kwa kuwa nitakuwa nimefika. Nitabaki na mdogo asubuhi hiyo, ili ninyi wawili mwende na mkubwa peke yake, atembee kwa mwendo wake na kuuliza maswali yake yote. Niandikie tarehe mapema nipate kupanga safari yangu.

Msalimie mkeo, na uwabusu wajukuu zangu.

Ni mimi mama yako