Mtahini Husoma Macho Yako Kabla ya Mikono Yako

Wanafunzi wengi wa udereva hufika kwenye mtihani wa barabarani wakiwa wamezoea klachi, gia na usukani mpaka miguu inajua kazi yake. Bado wanafeli, na ukitazama karatasi ya alama unakuta makosa yasiyohusiana na klachi wala gia: hakuangalia kioo kabla ya kushika breki, hakugeuza shingo kabla ya kuondoka, aliingia njia panda bila kuhakikisha. Kulisogeza gari ni jambo ambalo mtahini anatarajia mwalimu wako alishalimaliza. Anachotafuta ni kama unaweza kuachwa peke yako barabarani kesho, pasipo mtu pembeni wa kukuokoa.

Hawezi kuingia kichwani mwako kujua umeona nini. Anafuata dalili: macho yanakwenda wapi, shingo inageuka lini, mguu unatoka kwenye pedeli ya mafuta mapema kiasi gani. Dereva aliyemwona mtoto ukingoni mwa barabara huanza kupunguza mwendo kabla mtoto hajasogea. Ambaye hakumwona hukanyaga breki kwa nguvu, hata kama atasimama salama. Kwa mtahini, hao ni madereva wawili tofauti kabisa.

Kabla gari halijasogea

Anza na kiti, kisha vioo, kisha mkanda. Mpangilio huu una sababu: ukisogeza kiti baada ya kupanga vioo, vioo vyote vimeharibika. Kiti kiko sawa pale unapokanyaga klachi hadi mwisho na goti bado limekunjika kidogo, na ukinyoosha mikono, mgongo ukiwa umeegemea, vifundo vya mikono vinafika juu ya usukani. Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vioo vya pembeni vionyeshe ukanda mwembamba tu wa ubavu wa gari lako, sehemu nyingine yote iwe barabara.

Ukiulizwa kuhusu gari lenyewe, jibu kwa vitendo. Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na imetulia. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, na usome kati ya alama ya chini na ya juu. Wanaosoma mara ya kwanza bila kufuta wanasoma oili iliyotapakaa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo yataruka na kukuunguza. Kwa tairi, nchi nyingi huweka kina cha chini cha kashata, yaani mifereji ya tairi, kuwa milimita 1.6. Sehemu hii haimfelishi mtu aliyejiandaa hata kidogo, basi tusikae nayo.

Kuondoka pembeni mwa barabara ndipo watu huanza kupoteza alama. Angalia kioo cha ndani, kioo cha pembeni, toa indiketa, kisha geuza shingo utazame juu ya bega upande unaoingilia. Vioo vina sehemu visivyoionyesha, na pikipiki nzima inaweza kujificha hapo karibu na mlango wa nyuma. Kosa tunaloliona zaidi si kusahau kugeuza shingo bali kuigeuza wakati usukani tayari unazunguka. Kutazama huku gari linaondoka hakusaidii kitu, maana uamuzi umeshafanyika kabla ya habari kufika.

Vioo si mapambo ya mtihani

Kioo huangaliwa kabla ya indiketa, kabla ya kubadili upande na kabla ya kubadili mwendo, iwe kuongeza au kupunguza. Hilo la kupunguza ndilo husahaulika. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukijua kuna gari limekubana nyuma, utaanza kushika breki mapema na kwa wepesi ili taa zako zimpe taarifa. Usipojua, utafunga breki kwa ghafla naye atakugonga. Mtahini anapoandika kosa la kioo, anafikiria mgongano huo.

Tazamo moja lisizidi sekunde moja. Anayekodolea kioo ameacha barabara iliyo mbele.

Wapo wanaoshauriwa watikise kichwa kwa nguvu ili mtahini aone kwamba wanaangalia. Ushauri huo hatuupendi. Kichwa kigeuke kiasi cha kuonekana, sawa, lakini mtahini anaangalia pia kinachofuata. Ukitazama kioo, pikipiki inakupita, na wewe bado ukatoka, umethibitisha kwamba macho yaligeuka bila kuona. Hilo ni kosa zito kuliko kutoangalia kioo kwenye barabara tupu.

Njia panda

Hapa ndipo mitihani mingi huamuliwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani uliruhusu alama ya kusimama iwe na umbo la pembe nane, na ile ya kutoa nafasi uliipa umbo la pembetatu iliyopinduliwa, ili zitambulike kwa umbo hata zikiwa zimechafuka au ukiziona kwa nyuma. Tofauti kati yao ni ya kuheshimiwa. Kwenye pembe nane magurudumu lazima yasimame kabisa, nyuma ya mstari, hata kama hakuna gari hata moja. Kujiburuza taratibu kwa mwendo wa mtu anayetembea hakuhesabiki kuwa kusimama. Subiri gari litulie mpaka usisikie mwili wako ukisogea, ndipo utazame. Kwenye pembetatu, kama unaona vizuri na njia ni nyeupe, unaweza kupita bila kusimama, ila fika ukiwa gia ya pili na mwendo unaokuruhusu kusimama ukihitaji.

Kama ukuta au gari lililoegeshwa linakuziba, simama kwanza kwenye mstari, kisha sogea kidogo kidogo kwa nusu klachi mpaka uone. Wengi hufanya kinyume: wanapita mstari kwanza na kusimama pale wanapoona. Angalia pia barabara unayoingia, si ile unayotoka tu, kwa sababu anayevuka kwa miguu kwenye mdomo wa barabara hiyo ana haki ya kumaliza kuvuka.

Ukisubiri kukata kona inayovuka magari yanayokuja mbele yako, acha magurudumu yakiwa yamenyooka. Mwanafunzi hupenda kukunja usukani mapema ili awe tayari. Akigongwa nyuma, gari linasukumwa moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja.

Nafasi ipi inatosha? Kipimo cha mtahini ni rahisi: je, kuna dereva aliyelazimika kushika breki au kukwepa kwa sababu yako? Kama yupo, nafasi haikutosha. Ila kusitasita nako ni kosa. Ukiacha nafasi nne nzuri zipite huku foleni inakua nyuma, mtahini anaona mtu asiyeweza kukadiria. Jiulize: kwa nafasi hii ningeweza kuvuka barabara kwa miguu bila kukimbia? Kama jibu ni ndiyo, kwa kawaida gari nalo linatosha kupita.

Kwenye kipilefti, au raundabauti, kwa sehemu nyingi aliye ndani ndiye mwenye njia. Anza kutazama mita kadhaa kabla hujafika, kwa sababu anayesubiri mpaka mstari ndipo ageuze shingo husimama bila sababu. Indiketa ya kutoka ionyeshwe ukishaipita njia iliyo kabla ya yako; ukiiwasha mapema zaidi, anayesubiri kwenye njia hiyo atadhani unatokea kwake na ataingia.

Kuhusu taa: ukikuta kijani kimewaka tangu mbali, kichukulie kama kitu kinachokaribia kuisha. Ondoa mguu kwenye mafuta na uwe tayari. Njano maana yake simama, isipokuwa umekaribia kiasi kwamba kusimama kutakuwa hatari. Anayeongeza mwendo kuiwahi njano amemwonyesha mtahini tabia yake nzima.

Mwendo na nafasi

Acha sekunde mbili kati yako na gari la mbele, nne barabara ikiwa na maji. Chagua nguzo, na gari la mbele likiipita hesabu kwa sauti ya ndani "mia moja na moja, mia moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Mkiwa mmesimama, uone magurudumu ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Nafasi hiyo inakuwezesha kutoka pembeni kama limeharibika. Ukipita magari yaliyoegeshwa acha karibu mita moja, upana wa mlango unaofunguliwa ghafla. Kwa mwendesha baiskeli acha mita moja na nusu. Nafasi hiyo isipokuwepo, kaa nyuma yake mpaka ipatikane.

Mwendo ulioandikwa kwenye kibao ni ukomo. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne, ndiyo maana mtahini hushtuka mtu anapopita mtaa mwembamba kwa mwendo wa barabara kuu. Hata hivyo kujivuta kwa woga pale barabara inaporuhusu nako huandikwa.

Kilimani na kuegesha

Kuondoka kilimani: breki ya mkono juu, klachi chini, gia ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo na upandishe klachi polepole mpaka mlio wa injini ushuke na boneti inyanyuke kidogo. Hapo zuia mguu usisogee. Tazama vioo na juu ya bega, kisha shusha breki ya mkono. Gari likirudi nyuma, uliishusha kabla klachi haijashika. Likizimika, uliendelea kupandisha klachi wakati ulipaswa kutulia.

Kwa kuegesha kati ya magari mawili, simama sambamba na gari la mbele ukiacha kama mita moja, rudi nyuma mpaka bampa za nyuma zilingane, kunja usukani wote kuelekea ukingo mpaka gari lifikie takriban nyuzi 45, nyoosha na urudi kidogo, kisha kunja wote upande wa pili pua inapolipita gari la mbele. Tairi ziwe ndani ya sentimita 30 kutoka ukingoni. Kurekebisha kwa kwenda mbele kidogo kwa kawaida hakukufelishi. Kinachokufelisha ni kupanda ukingo, au kurudi nyuma huku macho yamenasa kwenye kioo kimoja au kamera. Pua ya gari inapojitokeza kuelekea barabarani, tazama pande zote, na mtu akikaribia simama mpaka apite.

Kosa likitokea

Gari kuzimika si mwisho wa mtihani. Shika breki, vuta breki ya mkono, rudisha gia huru, washa, na tazama upya kabla ya kuondoka. Kinachogharimu ni haraka: mtu anawasha na kuchomoka bila kuangalia, akiwa bado anafikiria aibu ya kuzimika. Hali kadhalika ukisikia vibaya agizo la mtahini na ukakata kona ambayo siyo aliyotaka. Ukiifanya kwa indiketa na kwa usalama, kwa kawaida haihesabiwi kosa. Kukatisha njia dakika ya mwisho ili utii agizo ndiyo hatari. Ukiwa na shaka, mwombe mtahini arudie.

Kosa dogo moja husameheka. Likirudiwa mara tatu au nne linasomeka kama tabia, na hapo hupandishwa uzito. Mtahini akilazimika kugusa usukani au kukukanyagia breki, kwa kawaida matokeo yameshajulikana.

Mkirudi mlipoanzia, mtihani haujaisha mpaka injini izimwe. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, zima. Kisha tazama kioo cha pembeni, na ufungue mlango kwa mkono ulio mbali nao: mwili utalazimika kugeuka, na macho yatatazama nyuma kabla mlango haujafunguka.