Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Chapa Ngeni kwenye Gari-Nyumba

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina gari-nyumba lililojengwa juu ya gari la mizigo midogo, na uzito wake wa juu ulioidhinishwa ni kilo 3,500. Matairi yake yamefikia wakati wa kubadilishwa, na fundi ananishauri nifunge ya chapa ambayo sijawahi kuisikia, kwa bei iliyo karibu nusu ya ile niliyozoea. Rafiki mmoja ananiambia kwamba jina kubwa ndilo usalama wenyewe; mwingine anashikilia kwamba tairi lolote lenye muhuri wa ithibati ni sawa na jingine. Nimfuate yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wameshika kipande tu cha ukweli, na kipande hicho hakitoshi kukuamulia.

Tuanze na hoja ya jina. Mwezi Agosti 2000 Firestone, chapa ambayo ni vigumu kumpata dereva asiyeijua, ilitangaza kurudishwa kwa matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za baadhi ya matairi hayo kubanduka gari likiwa mwendoni. Lililo karibu zaidi na swali lako ni tairi la Goodyear G159 la ukubwa wa 275/70R22.5, ambalo lilifungwa kwenye magari-nyumba makubwa ya Marekani ingawa lilibuniwa hasa kwa ajili ya malori ya kusambaza bidhaa mijini. Lilitengenezwa kati ya 1996 na 2003; mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilianza kulichunguza mwishoni mwa 2017, na kurudishwa kwake kulitangazwa mwaka 2022, miaka karibu 20 baada ya uzalishaji kukoma. Jina lilikuwa kubwa, na hata hivyo tairi halikuifaa kazi lililopewa.

Hata hivyo, mkasa wa mwaka 2007 unampa haki kidogo rafiki yako wa kwanza. Mwagizaji mdogo wa Marekani, Foreign Tire Sales, aliripoti kwamba baadhi ya matairi aliyonunua kutoka kampuni ya Hangzhou Zhongce ya China yalikosa ukanda wa mpira unaowekwa ili kuzuia mikanda ya chuma isiachane. Kiwanda kilikana kuwepo kwa kasoro, na mwagizaji akasema hana fedha za kugharimia kazi yote ya kuyarudisha. Hapo ndipo ninapoliona tatizo halisi la chapa ngeni: tairi lenyewe huenda likawa zuri kabisa, lakini siku likionekana kuwa na kasoro, je, yupo mtu mwenye anwani na uwezo atakayelibadilisha? Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtake muuzaji akuonyeshe mambo mawili. La kwanza ni jina na anwani ya mwagizaji pamoja na masharti ya dhamana kwa maandishi. La pili ni jedwali la mtengenezaji linalolinganisha uzito na upepo kwa ukubwa huo wa tairi. Kwa maoni yangu, mtengenezaji asiyetoa jedwali hilo hafai kuaminiwa na gari-nyumba, hata kama tairi lake linang'aa namna gani dukani.

Jedwali hilo nalisisitiza kwa sababu gari-nyumba si kama magari mengine. Gari la mizigo hupakiwa na kupakuliwa, na gari la familia husafiri siku nyingi likiwa na watu wawili tu. Lakini gari-nyumba hubeba makabati, jiko, betri, matangi ya maji na mitungi ya gesi saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na kwa kawaida uzito wake haupungui sana chini ya kikomo. Tairi lenye akiba ndogo ya uwezo huishi maisha yake yote likiwa limeelemewa. Kinachofuata ni joto, na joto ndilo linalodhoofisha mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma.

Usikisie uzito. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa tayari kwa safari, yaani maji yamejazwa, mafuta yamejazwa na abiria wamo, kisha upime kila ekseli na, inapowezekana, kila gurudumu peke yake. Chukua mfano wa ekseli ya nyuma yenye kilo 2,000. Tairi lenye namba ya mzigo 109 (msimbo ulioandikwa ubavuni, wala si kilo zenyewe) huruhusiwa kubeba kilo 1,030, kwa hiyo mawili yanabeba kilo 2,060, na kwa hesabu ya ekseli peke yake utaona mambo yako sawa. Sasa ikiwa jiko na tangi la maji viko upande mmoja, huenda gurudumu la kushoto likabeba kilo 1,080 na la kulia 920. Tairi la kushoto limezidiwa kwa kilo 50 kila siku, na hakuna anayejua. Namba 112 hubeba kilo 1,120, namba 116 hubeba kilo 1,250, na namba 118 hubeba kilo 1,320. Mimi ningependa tairi la chapa ngeni lenye namba 116 katika nafasi hiyo kuliko la chapa maarufu lenye namba 109, mradi ukubwa wake unaruhusiwa kwa gari lako na ringi inalifaa. Ukiona namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kama 109/107, ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake na ya pili ni ya matairi pacha. Wauzaji wengi hulisahau jambo hili, na wenye magari yenye matairi manne nyuma ndio wanaoumia.

Sasa tuugeukie muhuri. Herufi E iliyo ndani ya duara pamoja na namba inaonyesha kwamba aina hiyo ya tairi imeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa: kanuni ya 54 kwa matairi ya magari ya biashara, na ya 117 kwa kelele, mshiko kwenye barabara yenye maji na ukinzani wa mwendo. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyotoa idhini, si ya nchi lilikotengenezwa, kwa hiyo E4 humaanisha kwamba idhini ilitolewa Uholanzi hata kama kiwanda kiko bara jingine. Herufi DOT za Marekani, ambazo nazo huandikwa ubavuni na kufuatwa na mfululizo wa herufi na tarakimu, zina msingi tofauti: hapo mtengenezaji mwenyewe ndiye anayethibitisha kwamba tairi lake linatimiza masharti, na serikali hupima baadaye baadhi ya matairi yaliyokwisha kuingia sokoni.

Mihuri yote miwili ni kiwango cha chini kabisa. Katika kipimo cha uvumilivu cha Marekani kwa matairi ya magari mazito, tairi huzungushwa kwa saa 47, na hatua ya mwisho, ya saa 24, hufanywa kwa mzigo wa asilimia 101 ya ule ulioandikwa ubavuni. Tairi lililofaulu limeonyesha kwamba linamudu mzigo wake likiwa jipya na likiwa na upepo sahihi. Halijaonyesha litakavyokuwa baada ya miaka mitano juani, likiwa na upepo pungufu na kilo 50 za ziada. Tairi lisilo na muhuri wowote likatae bila mjadala. Lenye muhuri ndilo ambalo sasa unaweza kuanza kulichunguza.

Tofauti kubwa kati ya matairi ya bei nafuu na ya bei ya juu huonekana mara nyingi kwenye breki wakati wa mvua, na hapo lebo ya Umoja wa Ulaya inasaidia. Tangu Mei 2021 lebo hiyo hupanga mshiko wa kwenye maji kwa madaraja ya A hadi E, na ina alama ya kusomwa kwa simu inayokupeleka kwenye hifadhidata ya umma iitwayo EPREL. Ukikosa kulipata humo tairi linalodaiwa kuuzwa Ulaya, una sababu ya kuuliza maswali makali. Kumbuka tu kwamba madaraja hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe, na kwamba lebo haisemi lolote kuhusu uimara wa tairi. Vipimo vya vyama vya madereva kama ADAC cha Ujerumani ni ushahidi bora zaidi, pale ambapo ukubwa wa tairi lako umepimwa.

Utasikia pia kwamba tairi hilo "linatoka kiwanda kilekile" cha chapa fulani maarufu. Madai hayo yanaweza kukaguliwa, kwa kuwa herufi za mwanzo baada ya DOT hutambulisha kiwanda. Hata hivyo, kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza matairi ya michanganyiko na miundo tofauti kabisa, kwa hiyo hata dai likiwa la kweli halithibitishi mengi.

Mwisho, soma tarakimu nne za mwisho za mfululizo huo wa DOT. 2324 humaanisha juma la 23 la mwaka 2024. Tairi la bei nafuu lililokaa ghalani miaka mitatu limekwisha kukupotezea sehemu ya umri wake, na kwenye gari-nyumba umri ndio unaomaliza matairi, mara nyingi uso ukiwa bado haujawa kipara. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa kwa hali yoyote ile. Kwa chapa isiyo na historia mimi ningejiwekea kikomo kifupi zaidi, miaka sita au saba.

SWALI: Muuzaji ana matairi yenye herufi C, CP na ST, yote ya ukubwa unaokaribiana na wangu. Anasema tofauti ni ndogo. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli. ST ni matairi ya trela katika mfumo wa Marekani, na hayakubuniwa kwa gurudumu linaloongoza gari wala linaloliendesha. Usiyafunge kwenye gari-nyumba. C ni ya magari ya mizigo midogo. CP yametengenezwa kwa ajili ya magari-nyumba, yakizingatia kwamba ekseli ya nyuma huwa na mzigo mzito wakati wote, na kwa ekseli hiyo upepo wake unaweza kufika baa 5.5. Ukiamua kuchukua C yenye namba ya mzigo inayotosha, fuata jedwali la upepo la tairi hilo, si kibandiko cha upepo kilicho kwenye gari, kilichoandikwa kwa ajili ya CP. Angalia pia valvu: zile za mpira za kawaida hutengenezwa kwa upepo usiozidi baa 4.5, kwa hiyo kwa upepo wa juu zaidi ya huo unahitaji valvu za chuma.

SWALI: Nimekwisha kununua gari-nyumba lililotumika, na matairi yake ni ya chapa nisiyoijua. Siwezi kuyabadilisha kwa sasa. Niyaangalie vipi?

JIBU: Kwanza soma tarehe na namba ya mzigo kwenye kila tairi, la akiba likiwemo, kwa maana si ajabu kukuta matairi ya miaka tofauti kwenye gari moja. Ikiwa namba ya mzigo haitoshi kwa uzito uliopimwa, au tairi limepita miaka 10, gari lisitoke mpaka matairi yabadilishwe. Hapo suala la chapa halina nafasi. Yakiwa yanafaa, pima upepo asubuhi yakiwa baridi, na usiupunguze ukiuona umepanda njiani, kwa sababu kupanda huko ni kwa kawaida. Kifaa cha kufuatilia upepo na joto la kila gurudumu ni cha thamani kubwa hapa. Kagua pia ubavu wa ndani, ule unaoelekea chini ya gari, ambao karibu kila mtu huusahau, na utafute nyufa, uvimbe au michubuko. Mtikisiko mpya unaoanza ghafla katika mwendo fulani, au nundu juu ya uso wa tairi, huenda ni mikanda ya ndani inayoachana: simama mahali salama na ufunge la akiba, usijaribu kufika mjini kwanza. Piga picha mfululizo wa DOT wa kila tairi na uutafute katika orodha za matairi yaliyotakiwa kurudishwa, kisha urudie kazi hiyo kila baada ya miezi michache, kwa sababu chapa isiyo na wakala wa karibu huenda isikutafute wewe.