Meno ya bolti ni ya gari, kiti ni cha rimu

Mkuu, usilipie hizo rimu leo. Kama umeshalipia, basi usimruhusu mtu asogeze mashine ya upepo ya kukazia bolti karibu na gari lako mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema una C63 AMG ya 2012, ile W204 (kizazi cha C-Class) ya V8 ya lita 6.2, na umepata rimu nne za inchi 19 zilizotolewa kwenye BMW G20 (kizazi cha 3 Series), pamoja na bolti zake 20. Unauliza kama zitaingia, uvalishe tairi gani, upake nyeusi au shaba, na kama spidomita itadanganya. Muuzaji kakwambia, "PCD moja, tundu moja, we funga utembee." PCD ni idadi ya matundu ya bolti na kipenyo cha duara yanapokaa: 5x112 ni matundu matano kwenye duara la milimita 112. Hayo maneno nayajua moja moja. Niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini, nikalipia haba mbili za nyuma (haba ni kile kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake) na beringi zake.

Kinachoniudhi kwa wauzaji wa namna hii ni kwamba namba wanazokutajia ni za kweli. BMW 3 Series ya kabla ya hapo, F30, ilikuwa 5x120, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuzijaribu kwenye Mercedes. G20 ilipokuja na 5x112, na tundu la katikati linalolingana na la Mercedes, milimita 66.6, biashara ikafunguka. Ukiinua rimu hiyo na kuipachika kwa mkono inakaa kwenye haba vizuri, haichezi, matundu matano yanatazamana. Muuzaji anakupiga begani, umeona? Anachonyamazia ni bolti, na rimu haishikwi na PCD. Inashikwa na bolti.

Bolti za hiyo BMW ni M14x1.25. Za C63 yako ni M14x1.5. Hiyo 14 ni unene, na unene ni mmoja, ndiyo maana bolti inaingia mdomoni mwa tundu bila kugoma. Namba ya pili ni umbali kutoka jino hadi jino. Wanapishana robo ya milimita, macho matupu hayaoni. Ukizungusha kwa vidole, mzunguko wa kwanza inakwenda, wa pili inakuwa nzito, baada ya hapo inakwama. Vidole vinakwambia kabisa kwamba kuna tatizo. Kijana wa gereji hatumii vidole. Anachomeka soketi, anabonyeza, mashine inalia, bolti inazama mpaka mwisho, na yeye anaona kazi imekwenda vizuri. Kilichotokea ndani ni kwamba bolti ya chuma kigumu imeyanyoa meno ya haba yako na kujichongea njia mpya. Imekaza kwa sababu imeng'ang'ana, na kung'ang'ana siyo kubana. Siku ukiifungua inatoka na nyuzinyuzi za chuma zimejisokota kwenye meno yake kama mabaki ya mashine ya kukerezea. Hizo nyuzi ni haba yako.

Na haba ya nyuma ya W204 haifunguliwi kama betri. Imeshindiliwa katikati ya beringi. Ukiivuta, beringi inaachana na haifai kurudishwa, kwa hiyo unanunua haba na beringi pamoja, unafungua nati ya ekseli, unahitaji puli na presi ya kushindilia. Ya mbele nayo ina beringi zake ndani, na ukishairudisha lazima uchezo wake urekebishwe kwa kipimo. Zidisha mara magurudumu manne halafu linganisha na bei ya rimu.

Sasa najua unachowaza: basi natumia bolti zangu za Mercedes, meno yanakubali. Hapa ndipo mtego wa pili, na huu ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu hauleti shida siku hiyo. Chukua bolti yako ya kiwanda uiangalie chini ya kichwa. Ile sehemu inayokalia rimu, ndiyo kiti, ni ya mviringo, kama nusu ya gololi. Mercedes wanatumia R14, yaani duara la nusu kipenyo cha milimita 14. Chukua ya BMW: chini ya kichwa imenyooka kwa mshazari, koni ya nyuzi 60. Rimu nazo zimechimbwa hivyo hivyo, ya Mercedes ina kikombe cha mviringo, ya BMW ina koni. Ukiweka gololi ndani ya koni, zinagusana kwenye mstari mwembamba tu kuzunguka tundu, badala ya ukanda mpana.

Watu wengi wanadhani gurudumu linaning'inia kwenye bolti. Hapana. Bolti inavutwa ikikazwa, inaibana rimu kwenye uso wa haba, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Nguvu yote hiyo ikipita kwenye mstari mwembamba, alumini inabonyea. Ikibonyea hata kidogo, bolti imelegea bila kuzunguka. Rimu inaanza kusogea kila unapokanyaga mafuta na kila unapofunga breki, matundu yanapanuka kuwa ya yai, bolti zinapindwa huku na huku mpaka moja inakatika, halafu zilizobaki zinabeba mzigo wake. Kwenye gari lenye nguvu za V8 na diski za mbele za milimita 360, sitaki hata kufikiria hiyo inatokea ukiwa mwendo gani.

Kwa hiyo bolti zilizokuja na rimu hazifai, na bolti zilizokuja na gari hazifai. Unahitaji za tatu: M14x1.5 yenye koni ya nyuzi 60. Meno unayafuata kwenye gari, kiti unakifuata kwenye rimu. Hiyo ndiyo kanuni, na haijali umenunua rimu za nani. Hata ukichukua za Audi kanuni ni ile ile: meno yao ni M14x1.5 kama yako, zinaingia kwa vidole laini kabisa, lakini gololi yao ni R13, yako R14. Fundi atakwambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Kuhakiki ni dakika kumi. Kwa meno, shika bolti mpya na bolti yako ya kiwanda, zilaze ubavu kwa ubavu meno yaingiliane, uziinue kuelekea dirishani. Zikiwa za aina moja zinafungana kama zipu na mwanga haupiti. Zikitofautiana utaona mwanga unapenya upande mmoja. Au weka rula: meno kumi ya 1.5 yanachukua milimita 15, ya 1.25 yanachukua 12.5. Kwa kiti, paka wino wa kalamu nene kuzunguka sehemu ya bolti inayokalia rimu, uiache ikauke, ingiza bolti kwenye tundu la rimu, bonyeza na uizungushe kidogo, itoe. Wino ukiwa umefutika kwenye ukanda mpana kuzunguka kote, vinaelewana. Ukiona umefutika kama uzi mmoja mwembamba, rudisha dukani.

Baada ya hapo urefu. Usinunue kwa kukisia. Ingiza bolti ya zamani kwenye rimu ya zamani, pima kwa rula kinachotokeza upande wa nyuma, pale rimu inapogusana na haba. Bolti mpya kwenye rimu mpya itokeze hivyo hivyo. Fupi sana na meno yanayoshika ni machache: kwa M14x1.5 hesabu angalau mizunguko saba na nusu kabla haijakaza. Ndefu sana, hasa nyuma, inapita haba na kugonga breki ya maegesho, kwa sababu W204 ina viatu vya breki hiyo ndani ya kofia ya diski. Ndiyo maana gari likiwa bado kwenye jeki, lishawekewa vigingi, gia huru, unazungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Ukisikia kitu kinakwaruza au kinagonga kwa mpigo, toa bolti zote.

Kufunga: safisha uso wa haba kwa brashi ya waya mpaka kutu iondoke, usipake grisi wala oili kwenye meno, ingiza bolti zote tano kwa vidole mpaka ziguse, kaza kidogo kwa kuruka moja kama unachora nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya torki 130 Nm. Ukitembea kilomita 50 kaza tena kwa kipimo hicho hicho. Anayekwambia mashine inatosha, mwambie akuoneshe namba 130 iko wapi kwenye mashine yake.

Ofseti angalia mwenyewe nyuma ya rimu: J ni upana wa rimu kwa inchi, ET ni milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso unaogusa haba, na ET ikiwa ndogo gurudumu linatoka nje zaidi. Seti za M za inchi 19 za G20 huwa mbele 8J ET27, nyuma 8.5J ET40. C63 yako ya inchi 19 kiwandani ni mbele 8J ET45, nyuma 9J ET54. Maana yake mbele gurudumu litatoka nje milimita 18 zaidi, na kwa matuta yetu litakwaruza ukingo wa fenda, hasa kama gari limeshushwa. Nyuma litatoka kama milimita 8. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuziacha. Na kama zimekuja na tairi za BMW, 255/35 R19 ya nyuma ni kubwa kwa kipenyo kuliko 255/30 R19 yako kwa asilimia 4, spidomita ikisema 100 wewe uko 104.

Ukishapata bolti sahihi, zile za kiwanda usiziuze. Funga tano kwenye kitambaa uziweke kwenye buti, kwa sababu siku utakayoazimwa rimu ya Mercedes barabarani, hizi mpya za koni hazitaifaa.